Ulijua, Baba Phebe?

Skuna Constancy, bandari ya Hampton, Virginia
11 Aprili 1780

Kwa Sabra, jikoni kwa akina Garrow.

Mama Phebe, usishtuke kuona karatasi. Sijafa. Nimekaa juu ya pipa la nyama ya chumvi, na anayeniandikia ni Tobias Wynn, karani wa chombo hiki, kijana mwenye mkono mzuri na pua ndefu. Nimemwambia aandike na hilo la pua, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu ameliandika.

Basi ndiyo hivyo, mume wako sasa ni rubani wa serikali kwenye vita hivi na Waingereza. Siku ya kwanza mabaharia walinitazama toka kichwani hadi miguuni. Mmoja akauliza, "Huyu mzee mweusi ndiye atatuvusha mafungu ya mchanga?" Nikamjibu, "Bwana mdogo, mafungu haya yananijua tangu hujaota ndevu, na mpaka leo hujaota." Wenzake wakamcheka hadi wakashika mbavu. Jioni, tulipotoka mdomoni mwa mto bila kugusa chini hata mara moja, yeye mwenyewe akaniletea kikombe cha pombe ya matufaha.

Kazi ni ile ile. Mtu anatupa bildi ya kupimia majini, kamba inaniambia kina, nami ninamwimbia mshika usukani: pima tatu, matope, pima mbili na nusu, mchanga. Nahodha anasema sauti yangu inasikika mpaka Ufaransa. Amenikataza kuimba tukiwa karibu na Waingereza. Nimemwambia nitajaribu, lakini miaka ishirini mdomo umezoea.

Humu watu wanazungumza uhuru asubuhi na jioni, hata wakigombea kijiko. Mimi nasikiliza tu. Nililojia hapa unalijua. Bibi Mkubwa wetu, mwenye shamba, alinipa neno lake mbele yako, pale mlangoni pa jikoni: nikienda bila kelele, wewe na Phebe hamtauzwa kwa mtu yeyote mpaka nirudi. Ninalishika neno hilo kwa mikono miwili. Mkiwa mahali ninapopajua, mimi nalala.

Mbusu mwanangu. Mwambie baba yake amevaa viatu.

Mingo

(Mimi karani naongeza: viatu anavyo, lakini anavivaa Jumapili tu. T.W.)


Shamba la Garrow
2 Mei 1780

Kwa Mingo, rubani, skuna Constancy.

Baba Phebe, barua yako nimesomewa na Bi Peggy nikiwa na unga hadi viwiko. Ni yeye pia anayeandika hii, maana Bibi Mkubwa, mama yake, amemruhusu. Nimeshangaa. Kumbe mtu akienda baharini anageuka mcheshi! Hapa nyumbani ulikuwa unakaa kimya kama gogo, mimi naongea, wewe unatikisa kichwa. Rudi na ucheshi huo huo, usiuache kwa mabaharia. Na kama pipa unalolikalia ndilo wanalowapikia, mwanaume wewe, usile hiyo nyama.

Miche ya tumbaku imehamishwa shambani wiki hii, migongo inatuuma sote. Phebe ameng'oka jino. Alilimeza na mkate, akalia nusu siku akisema litamng'ata tumboni. Mjomba Cato akamwambia meno ya watoto hayana hasira, ndipo akanyamaza.

Anakuiga, unajua. Anafunga jiwe kwenye uzi, analitupa kisimani, kisha anaimba kwa sauti nene, "Pima mbili na nusu, mchanga!" Watu wakija kuteka maji wanacheka. Juzi nilimsikia nikiwa ndani, nikatoka mbio nikidhani ni wewe. Nikarudi jikoni nikajifuta macho kwa aproni, nikasingizia vitunguu.

Sasa haya yanayofuata yasikilize vizuri, na mwambie huyo karani wako akusomee mkiwa peke yenu.

Sisi sote wazima. Shamba liko salama. Bibi Mkubwa anakusalimu.

Nimemaliza. Umesikia nilichokuambia, basi ujue hivyo, na usinilaumu siku ikifika.

Wako Sabra


Skuna Constancy, mdomoni mwa ghuba
9 Juni 1780

Mama Phebe,

Uliniambia nisikilize vizuri. Nikamvuta Tobias kando, nikatega sikio, nikasikia Bibi Mkubwa ananisalimu! Tobias akageuza karatasi mara mbili, akaiinua juani. Hakuna kitu. Tangu lini salamu za Bibi Mkubwa zikawa siri ya mume na mke? Na nisikulaumu kwa lipi? Nimelifikiria hili wiki tatu, na mtu mwenye kufikiri sana si rubani mzuri.

Nikupe habari za huku. Meli ya Waingereza iitwayo Rosamund imeingia ghubani. Inateremsha mashua kwenye mashamba, inachukua ng'ombe na mahindi. Tena watu wetu wanaikimbilia, kwa maana Waingereza wanasema mtu mweusi akipanda kwao amekuwa huru. Mabaharia wameniuliza kwa mzaha mara tatu, "Mingo, wewe huendi?" Mara ya nne hakikuwa kicheko, alikuwa luteni. Nikamjibu, "Luteni, mke wangu na mtoto wangu wako shambani kwa akina Garrow. Miguu yangu iko hapa kwa sababu hiyo." Akaridhika.

Rosamund imetia nanga nyuma ya Kisiwa cha Mbuzi, mahali inapoona kila chombo kinachotoka baharini. Upande wa nchi kavu haiangalii, kwa sababu ramani zote zinasema hapo hapapitiki. Kuna mkondo. Mimi naujua, na aliyenionyesha amekufa. Nahodha anataka niwapitishe pale, alfajiri moja yenye ukungu, tuwavamie kabla hawajafungua macho.

Sikukataa, sikukubali. Nimemwambia nangoja barua ya nyumbani. Alinitazama kama mtu mwenye wazimu, lakini anangoja, kwa sababu hana rubani mwingine.

Kwa hiyo niambie wazi wazi. Mpo? Neno la Bibi Mkubwa bado linasimama? Nikijua mnalala pale pale nilipowaacha, nitamwambia nahodha twende.

Mingo


Shamba la Garrow
19 Juni 1780

Kwa dada yangu Nancy, Williamsburg.

Dada, barua hii ichome ukishaisoma. Sina mtu mwingine wa kumwambia.

Sabra na Phebe wametoroka. Ni Jumapili ya jana, sisi tukiwa kanisani. Tuliporudi jiko lilikuwa baridi, na Mjomba Cato, aliyeachiwa na Mama awachunge, alikuwa amekaa mlangoni akimenya mbaazi ambazo zilikuwa zimeshamenywa. Mama akamuuliza, "Sabra yuko wapi?" Akasema, "Sikumwona, Bibi." Akaulizwa tena akasema vile vile. Mashua ya Waingereza ilionekana kijitoni saa ile ile tukiimba zaburi. Wamo ndani ya Rosamund.

Mimi najua kwa nini, na wewe sasa ujue. Mwezi wa nne alikuja Bwana mmoja kutoka Carolina, akala nasi chakula cha mchana, na Mama akamuuzia Sabra na mtoto wake. Bwana yule alisema atarudi kuwachukua mwisho wa Juni. Mama alikuwa ametoa neno kwa Mingo, dada. Nilikuwepo. Nilimkumbusha, akaniambia neno analopewa mtumwa si kiapo.

Sabra aliwasikia, maana ndiye aliyekuwa anapakua. Siku aliyoniita nimwandikie mumewe alinitamkia polepole, kwa kujali mkono wangu: "Bibi Mkubwa amevunja neno. Tunauzwa Carolina. Wakija kutuchukua, mimi na mtoto tutaikimbilia meli ya kwanza ya Waingereza itakayokuja, na wewe ujue tumo humo." Mama alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni, na Sabra hakumwona. Mama akanitikisia kichwa. Nikaandika kwamba sote wazima na Mama anasalimu. Kisha nikamsomea Sabra yale aliyoyasema yeye, kama kwamba ndiyo yaliyo kwenye karatasi. Hajui kusoma. Akanishukuru, dada. Akanipa mkate wa moto.

Sasa Mingo ameandika. Anauliza kama wapo. Mama ameisoma barua akasema, "Huyu akijua, kesho atawaongoza Waingereza hadi mlangoni petu." Ameniamuru nijibu.

Peggy


Shamba la Garrow
21 Juni 1780

Kwa Mingo, rubani, skuna Constancy.

Mume wangu,

Tupo. Tunalala pale pale ulipotuacha. Neno la Bibi Mkubwa linasimama. Ile habari ya kusikiliza vizuri ilikuwa mzaha wangu tu. Phebe mzima na anakula vizuri. Fanya kazi yako bila wasiwasi.

Sabra


Skuna Constancy, mto James
10 Julai 1780

Mama Phebe, mke wangu,

Leo naandika nikiwa nimevaa viatu, na si Jumapili!

Rosamund tumeitwaa. Tobias anaandika huku anacheka, mwandiko ukipinda mlaumu yeye. Ngoja nikueleze kwa utaratibu.

Barua yako ilipofika nilimwendea nahodha nikamwambia, "Bwana, sasa twende." Tarehe sita ukungu ukashuka, mzito, huoni omo kule mbele ukiwa kwenye tezi huku nyuma. Amri ilikuwa kimya. Mtu wa bildi asitamke kitu, anigonge begani tu, nami nimguse mshika usukani. Tukaingia mkondo ule kwa tanga moja, kisiwa kiko karibu hata unasikia mbuzi wanatafuna. Nilikuwa nimetulia, Sabra. Nilisema moyoni, wangu wamelala nyumbani.

Na hapo ndipo aibu yangu. Katikati ya mkondo mdomo ukaanza wenyewe. "Pima mbili na nusu, mchanga." Niliimba kabisa! Luteni akanirukia akaniziba mdomo kwa kiganja, karibu anivunje meno. Sote tukasimama tukingoja mizinga. Rosamund ilikuwa mbele yetu, karibu kama kutoka jikoni kwako hadi ghalani. Ungeweza kusikia mtu akikohoa. Hakuna kengele wala mlio. Nahodha anasema Mungu aliwaziba masikio. Luteni anasema Mungu ana kazi kubwa na watu kama mimi.

Tukawapanda. Haikuchukua muda. Baruti kidogo ilishika moto upande wa tezi, basi watu weusi waliokuwa chini wakapanda mbio, wakajazana kwenye mashua moja, ikapinduka. Sitaki kukueleza sana hapo. Waliookolewa walipelekwa Hampton chini ya ulinzi, warudishwe kwa mabwana zao. Mimi sikuwaona, nilikuwa nimeshikishwa usukani wa Rosamund ili niitoe kabla maji hayajapwa. Niliona tu, nikipita sitahani, mtoto amefunikwa kipande cha tanga, miguu inaonekana. Sikufunua. Nilifikiria Phebe nikamshukuru Mungu kwamba wangu yuko nyumbani anameza meno. Kisha nikaona haya kushukuru, lakini nilikuwa nimeshashukuru.

Nahodha anasema ataandika kwa Baraza la serikali kwamba Mingo ameiondolea Virginia jicho la adui, na anastahili uhuru wake. Wananiita shujaa. Yule asiye na ndevu amenipa kofia yake.

Nikipata uhuru, la kwanza nitakuja mlangoni pa jikoni kupitia mbele, siyo nyuma.

Mingo


Gereza la Hampton
17 Julai 1780

Kwa Mingo, rubani.

Anayeniandikia ni Bi Dorcas, mke wa mlinzi wa hapa. Nimemwambia aandike kila neno kisha anisomee, halafu nimemwita mfungwa mwingine anayejua kusoma anisomee tena. Sijui kwa nini nimekuwa hivi. Nadhani ni kuumwa tu.

Baba Phebe, Phebe amekufa.

Nimelisema kwanza kwa sababu nikilizunguka sitafika.

Tulipanda Rosamund ile Jumapili, kama nilivyokuambia kwenye barua ya Mei kwamba tutafanya, Bibi Mkubwa alivyovunja neno na kutuuza Carolina. Hawakututendea vibaya. Waliniweka kupika. Alfajiri ile mimi ndiye niliyekuwa macho sitahani, nawasha moto wa uji. Mlinzi wa zamu alikuwa amesinzia ameegemea mlingoti. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu.

Nikakusikia.

Sikufikiri ni Phebe safari hii. Phebe alikuwa miguuni pangu amelala kwenye gunia. "Pima mbili na nusu, mchanga." Ilikuwa wewe, na ulikuwa upande ambao hakuna chombo hupita, kwa hiyo nilijua ni wewe kabisa.

Kengele ya hatari ilikuwa hapa, na mkono wangu hapa. Ningeipiga wangegeuza mizinga, na wewe ungekufa hapo hapo. Nisipoipiga, nilijua pia. Wale watu wote waliokuwa wamelala chini wangerudi walikotoka, na mimi nao. Kulikuwa na mwanamke aliyejifungua juzi yake. Nilihesabu yote hayo, Mingo, usidhani sikuhesabu. Sikuipiga. Niliziba mdomo wangu mwenyewe kwa mkono.

Kisha nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi! Nikajiambia, barua yangu ilifika, ameelewa, amekuja kutuchukua. Nikamwamsha Phebe. Nikamwambia, "Amka, baba yako amekuja." Akatoka mbio kwenda ubavuni kukutafuta, mimi nikainama kuchukua shali yake. Ndipo tezi ikalipuka na watu wakapanda kama ng'ombe. Walimsukuma akaanguka pamoja na mashua. Waliponiletea alikuwa bado na usingizi machoni.

Ulipita pale. Nilikuwa nimefungwa pamoja na wengine upande wa pili, mdomo umefungwa kitambaa kwa sababu nilikuwa napiga kelele. Nilikuona ukipita karibu naye. Hukufunua.

Wanawake walio nami humu hawajui ni mimi niliyekuwa karibu na kengele. Yule mwenye kichanga analala bega kwa bega na mimi.

Bibi Mkubwa hanitaki tena, na Bwana wa Carolina hataki mtoro. Nimeuzwa kwenye mgodi wa madini ya risasi huko milimani. Gari litakuja wakati wowote. Nataka neno moja kwako kabla sijaondoka. Nilikuambia tutakuwa humo. Ulijua? Kama ulijua ukaja kutuchukua, mambo yakaharibika, basi nitasamehe yote, hata maji nitayasamehe. Kama ulijua ukaja kwa ajili ya nahodha wako, sema tu, nitajua ninaishi na nini.

Nijibu upesi. Ulijua, Baba Phebe?

Sabra


Skuna Constancy, mto James
23 Julai 1780

Sabra, Sabra wangu,

Sikujua.

Naapa kwa mwili wa mtoto ambaye sikumfunua. Barua ya Mei haikuwa na kitu. Ilisema sote wazima, Bibi Mkubwa anasalimu. Ya Juni ilisema mnalala pale pale nilipowaacha. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini. Bila shaka Bi Peggy aliandika alivyoambiwa na mama yake, na mimi nikaipitisha meli juu ya karatasi hiyo. Ningejua, ningemwambia nahodha mkondo ule umejaa mchanga, na hakuna mtu duniani angeweza kunibishia.

Walisema Mungu amewaziba masikio. Ulikuwa wewe.

Usiseme mwanangu alikufa kwa sababu ulimwamsha. Nisikilize. Mimi ndiye niliyefungua mdomo.

Nimemwomba nahodha ruhusa nije Hampton. Amelia mbele yangu, ni mtu mwema, lakini amesema bila karatasi ya mwenye mali sivuki nchi kavu hatua kumi, na barua ya Baraza haijajibiwa. Shujaa haruhusiwi kushuka chomboni. Nimemwambia uhuru anaoniombea ampe Sabra. Amesema haugawanywi hivyo. Tobias amepata farasi, barua inaondoka sasa hivi, sitaki kuiongezea maneno ikachelewa.

Nijibu hata kwa neno la matusi. Nitalipokea.

Mingo


Hampton
26 Julai 1780

Kwa Mingo, rubani, skuna Constancy.

Bwana,

Kijana wako mwenye pua ndefu alifika jana saa sita mchana, farasi anatoka povu. Gari la migodi lilikuwa limeondoka tangu juzi asubuhi. Nimemwambia apumzike, akakataa, akalifuata hadi njia panda ya pili, ndipo farasi akaanguka. Amerudi kwa miguu.

Barua yako nairudisha na lakiri yake. Sikuona haki kuifungua.

Sabra alikaa dirishani siku zote hizo. Kila kwato zikisikika alikuwa anauliza, "Ni yangu?" Walipomwita kwenye gari alimwomba dereva angoje kidogo, na dereva akangoja, Mungu ambariki, muda wa kuvuta kiko kimoja.

Mtoto tulimzika nyuma ya kanisa, upande wanaouruhusu. Nilimvalisha soksi za binti yangu.

Dorcas Elliot


Milimani, magharibi ya Virginia
3 Oktoba 1783

Kwa rafiki yangu Tobias Wynn, Hampton.

Tobias, huu ni mwandiko wangu. Ulinifundisha majira mawili ya baridi, sasa vumilia. Naandika polepole, na maneno mengine nayaacha kwa kuwa siyawezi.

Barua ya Bi Peggy uliyonipa nimeisoma mwenyewe njiani. Anaomba msamaha kurasa nne. Anasema alikuwa na miaka kumi na sita. Nimemwandikia mstari mmoja, kwamba nimeipata. Zaidi ya hapo sina.

Karatasi ya uhuru ninayo. Baraza limeandika humo kwamba nilitumikia kwa ushujaa. Naionyesha kwenye kila daraja na kila nyumba ya wageni, na kila mtu anaisoma mara mbili, kisha ananitazama. Nimetembea siku ishirini na mbili. Na ile barua yangu iliyorudi niliishona ndani ya koti, na lakiri yake. Miaka mitatu niliandika nyingine nyingi, hakuna aliyejua kama zilifika. Nilisema hii nitaikabidhi kwa mkono. Nilitaka asikie neno lile moja, sikujua. Nilikuwa nalisema njiani kama ninavyohesabu kina.

Sabra amekufa. Ni Februari mwaka huu, kifua. Mgodi unatoa vumbi, na wao hulala palipo na maji. Msimamizi aliangalia kitabu chake akanisomea jina, akanirudishia karatasi yangu kwa heshima.

Wanawake aliofanya nao kazi wanakaa kibanda kimoja karibu na tanuri. Wako watatu. Nilibisha hodi, nikavua kofia, nikasema namtafuta mtu aliyemjua Sabra wa kwa Garrow. Mkubwa wao anaitwa Shangazi Keziah, hana jicho moja. Akaniuliza, "Wewe nani?" Nikasema, "Mingo." Wakaacha kazi wote watatu.

Shangazi Keziah akasema, "Tunakujua. Ametusimulia wewe mpaka tumechoka. Mwaka wa kwanza kila gari likija kutoka mashariki alikuwa anakimbia kuuliza barua. Dereva akisema hakuna, analala bila kula. Halafu siku moja hakwenda. Gari likaja, yeye akaendelea kuponda mawe. Tukamuuliza, leo huendi? Akasema, sina haja tena, jibu nalijua. Mume wangu alijua tumo melini. Alikuja na ukungu, peke yake anajua njia, kuja kutuchukua mimi na mwanangu. Yalimharibikia tu. Tangu siku hiyo akawa anakula. Alikuwa hata anatuchekesha. Usiku wa mwisho tulimshika mikono, akasema, alikuja, mlisikia? Alikuja. Tukamwambia tumesikia."

Tobias, nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono ndani ya koti, na barua chini ya vidole.

Mdogo wao, msichana mwenye kitambaa chekundu, alinisogelea akanitazama sana. Akauliza, "Ni wewe kweli? Wewe ndiye uliyejua, ukaenda kuwachukua?"

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Ni mimi. Nilijua."

Mingo, rubani